Majedwali, Funguo na Maulizo: Utangulizi wa Hifadhidata za Kimahusiano kwa Mtafiti wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Hakuna utafiti wa fasihi usioanza na orodha. Kabla ya kujadili maudhui au mtindo, mtafiti sharti ajue ni kazi zipi zilizoandikwa, zimeandikwa na nani, lini, na ni nani mwingine aliyekwisha kuzichambua. Katika idara nyingi orodha hiyo imo katika kadi za maktaba, katika madaftari ya wahadhiri na, kwa kiasi kinachozidi kukua, katika faili za tarakilishi zilizochorwa mistari na safu. Orodha ikimgawa mwandishi mmoja kuwa wawili, au ikiwafunganya wawili kuwa mmoja, kosa hilo huingia katika tasnifu, likanukuliwa na tasnifu ya pili, na baada ya miaka michache likachukuliwa kuwa ukweli usiohitaji ithibati.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna hifadhidata za kimahusiano zinavyofanya kazi, na jinsi data iliyomo inavyoulizwa kwa lugha ya SQL. Mifano yote imechotwa katika fasihi ya Kiswahili, kwa kuwa msomaji lengwa ni mwanafunzi wa lugha ambaye pengine ameshawishika kuamini kwamba taaluma hii ni milki ya wahandisi. Dai hilo halina mashiko. Mwenye kuzoea kupambanua ngeli na viambishi tayari anayo sehemu kubwa ya nidhamu inayohitajika hapa.

Udhaifu wa orodha moja

Chukua orodha ya kawaida yenye safu nne: anwani, mwandishi, utanzu na mwaka. Orodha ya namna hii hutosha pale vitabu vinapokuwa ishirini. Vikifika mia tano, matatizo huanza kujitokeza, na riwaya ya Zanzibar ni kielelezo kizuri. Yupo Muhammed Said Abdulla, aliyemwumba Bwana Msa na kutuandikia Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Yupo Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976). Yupo pia Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano (1980), riwaya iliyowahi kutahiniwa katika shule za upili nchini Kenya. Watu watatu, na majina yao yamefumwa kwa nyuzi zilezile. Mtu mmoja akiandika "S. A. Mohamed", wa pili "Said A. Mohamed", na wa tatu "Mohamed, S.", msomaji mzoefu atakisia nani anayerejelewa. Tarakilishi haikisii. Kwayo, hao ni waandishi watatu. Kwa upande mwingine, "M. S. Mohamed" na "S. M. Mohamed" zilizoandikwa kwa haraka zinaweza kumvua mtu riwaya yake na kumvika mwingine.

Tatizo la pili ni la urudiaji. Tuseme orodha inaongezewa safu za mahali na mwaka wa kuzaliwa kwa mwandishi. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944. Maelezo hayo yatalazimika kuandikwa kwenye Rosa Mistika, Kichwamaji, Kichomi, Nagona, na kila kazi nyingine aliyoitunga. Alipofariki mwaka 2020, mtunza orodha alipaswa kuongeza mwaka huo katika kila mstari. Akiusahau mmoja, orodha inakuwa na Kezilahabi aliyekufa na Kezilahabi aliye hai. Aidha, mwandishi ambaye kitabu chake hakijaingizwa hana pa kukaa, kwa sababu mstari ni wa kitabu. Na kitabu pekee cha mwandishi fulani kikifutwa, maisha yake nayo yanafutika pamoja nacho.

Kiini cha matatizo haya yote ni kimoja: jedwali moja limebebeshwa habari za vitu viwili tofauti, yaani watu na vitabu.

Fikra ya Codd

Kabla ya miaka ya sabini, data nyingi katika tarakilishi kubwa zilipangwa kama mti wa ukoo, au kama wavu wa vifundo vilivyounganishwa. Aliyetaka habari alilazimika kuijua njia ya kuifikia: aanzie shina gani, ashike tawi lipi. Mpangilio ukibadilishwa, programu zote zilizotegemea njia hiyo zilivunjika. Mwaka 1970, Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM jijini San Jose, California, alichapisha makala yaliyopendekeza data ipangwe katika majedwali sahili, na kwamba mtumiaji asilazimike kujua imehifadhiwaje ndani ya mashine. Codd alikuwa mwanahisabati, na fikra yake aliijenga juu ya nadharia ya seti. Mwaka 1981 alitunukiwa Tuzo ya Turing.

Hapa pana suala la istilahi linalostahili kuangaziwa. Wengi hudhani kuwa hifadhidata huitwa "ya kimahusiano" kwa sababu majedwali yake yanahusiana. Sivyo. Katika hisabati ya Codd, uhusiano ni jedwali lenyewe: seti ya mistari ambayo kila mmoja unaziambatanisha thamani fulani, kwa mfano anwani hii na utanzu huu na mwaka huu. Kwa kuwa ni seti, mistari haina wa kwanza wala wa mwisho, na mstari mmoja hauhesabiwi mara mbili. Programu zinazouzwa na kugawiwa leo hazikuishika kanuni hii ya mwisho kwa ukamilifu, jambo litakalodhihirika hapa chini katika kuhesabu.

Ufunguo na upatanisho

Suluhu ya orodha yenye kasoro ni kuitenganisha. Watu wapewe jedwali lao na vitabu vipewe lao. Kila mstari hupewa namba isiyorudiwa, nayo huitwa ufunguo mkuu. Jina la mtu linaweza kuandikwa kwa namna nne na linaweza kubadilika, namba haibadiliki. Penina Muhando, kwa mfano, anafahamika pia kwa jina la Penina Mlama. Akiwa namba 5, atabaki namba 5 chini ya jina lolote.

Jedwali la vitabu:

namba | anwani | utanzu | mwaka
1 | Mzimu wa Watu wa Kale | riwaya | 1960
2 | Rosa Mistika | riwaya | 1971
3 | Kiu | riwaya | 1972
4 | Kichomi | ushairi | 1974
5 | Utengano | riwaya | 1980
6 | Harakati za Ukombozi | tamthilia | 1982
7 | Al-Inkishafi | ushairi |

Jedwali la waandishi:

namba | jina
1 | Muhammed Said Abdulla
2 | Euphrase Kezilahabi
3 | Mohamed Suleiman Mohamed
4 | Said Ahmed Mohamed
5 | Penina Muhando
6 | Amandina Lihamba
7 | Ndyanao Balisidya
8 | Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir

Yamkini msomaji atapendekeza kwamba namba ya mwandishi iongezwe kwenye jedwali la vitabu, na mambo yaishe. Pendekezo hilo lingefaa kama kila kitabu kingekuwa na mtunzi mmoja. Harakati za Ukombozi ilitungwa na watatu: Muhando, Lihamba na Balisidya. Mtunzi mmoja ana vitabu vingi, na kitabu kimoja kinaweza kuwa na watunzi wengi. Hivyo basi panahitajika jedwali la tatu, ambalo kazi yake ni kuoanisha tu. Liitwe utunzi, nalo liwe na safu mbili, kitabu na mwandishi. Mistari yake ni tisa:

kitabu | mwandishi
1 | 1
2 | 2
3 | 3
4 | 2
5 | 4
6 | 5
6 | 6
6 | 7
7 | 8

Namba hizi zinazoelekeza kwenye jedwali jingine huitwa na baadhi ya wataalamu ufunguo wa nje. Makala haya yanaonelea kuwa istilahi "ufunguo rejeshi" ingefaa zaidi, kwa sababu dhima yake inakaribiana mno na ile ya viambishi rejeshi. Katika sentensi "Kitabu nilichokinunua kimepotea", nomino "kitabu" imetajwa mara moja tu. Kinachofuata ni alama zake: -cho-, -ki-, ki-. Hakuna haja ya kusema "kitabu nilinunua kitabu, kitabu kimepotea". Vivyo hivyo, jina la Kezilahabi limeandikwa mara moja katika hifadhidata nzima, na kila mahali pengine pamewekwa alama yake, 2. Jina likisahihishwa pale lilipo, limesahihishwa kote.

Mlinganisho huu una mpaka wake. Kiambishi ki- hurejelea ngeli nzima, na ni muktadha unaomjulisha msikilizaji kama kilichopotea ni kitabu, kisu au kiatu. Ufunguo haukubali utata huo; humrejelea mmoja na mmoja tu. Isitoshe, programu ikiagizwa hivyo, hukataa urejeshi usio na kirejelewa. Mtu akijaribu kuandika katika jedwali la utunzi kwamba kitabu namba 4 kimetungwa na mwandishi namba 90, ilhali hakuna namba 90, ingizo hilo hukataliwa papo hapo. Ni kama sarufi inayomzuia msemaji kabla hajalitamka kosa.

Jedwali la utunzi linaweza kuongezewa safu ya dhima. Mabepari wa Venisi (1969) ina Shakespeare kama mtunzi na Julius Nyerere kama mtafsiri. Bila safu ya dhima, hifadhidata itawafanya watunzi wenza. Kwa miswada ya kale safu hii ni ya lazima kabisa, kwani mtunzi, mnakili na mhariri mara nyingi ni watu watatu waliotenganishwa na miaka mingi. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi nyingi ambazo hakuzitunga, na mtafiti anayechunguza mwandiko wake huhitaji kumpata kama mnakili.

Namna ya kuuliza

Codd alitoa nadharia. Lugha ya kuitumia ilitolewa na wengine. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, waliokuwa pia IBM, walieleza lugha waliyoiita SEQUEL. Boyce alifariki mwaka uo huo angali kijana. Jina lilifupishwa baadaye kuwa SQL kwa sababu lile la awali lilikuwa alama ya biashara ya kampuni nyingine. Lugha hiyo ilisanifishwa Marekani mwaka 1986 na kimataifa mwaka 1987, na usanifishaji huo, kama ule wa Kiswahili, haukuzifuta lahaja: Oracle, MySQL, PostgreSQL na SQLite huelewana, lakini kila moja ina lafudhi yake.

Maneno ya msingi ya SQL ni ya Kiingereza na hayana budi kuachwa yalivyo. Majina ya majedwali na safu, hata hivyo, ni ya mtunzi wa hifadhidata, na hakuna kinachomzuia kuyaandika kwa Kiswahili. Ulizo la riwaya zilizotoka kabla ya 1975 huandikwa hivi:

SELECT anwani, mwaka
FROM vitabu
WHERE utanzu = 'riwaya' AND mwaka < 1975
ORDER BY mwaka;

SELECT hutaja safu zinazotakiwa, FROM hutaja jedwali, WHERE huweka sharti, na ORDER BY hupanga. Jibu ni mistari mitatu: Mzimu wa Watu wa Kale, Rosa Mistika na Kiu. Kichomi imeachwa kwa kuwa ni diwani. Sharti la kupanga lisipowekwa, mistari inaweza kuja kwa mfuatano wowote. Seti haina mfuatano, na anayetegemea ule aliouona jana anajidanganya.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ulizo hilo halielezi hatua. Halisemi "anza juu, soma mstari, linganisha, shuka." Linaeleza sifa za kinachotakiwa, na programu yenyewe huchagua njia ya kukitafuta. Ni sawa na mtu anayemwomba mkutubi riwaya zote za kabla ya 1975 bila kumwelekeza apitie rafu gani. Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya SQL na lugha nyingi za kuandikia programu.

Majedwali yaliyotenganishwa huunganishwa kwa JOIN:

SELECT waandishi.jina, vitabu.anwani
FROM vitabu
JOIN utunzi ON utunzi.kitabu = vitabu.namba
JOIN waandishi ON waandishi.namba = utunzi.mwandishi
WHERE vitabu.utanzu = 'tamthilia';

Sehemu ya ON ndiyo upatanisho: alama iliyo katika jedwali moja inalinganishwa na ufunguo wake katika jingine. Jibu lina mistari mitatu, mmoja kwa kila mtunzi wa Harakati za Ukombozi. Mwanafunzi asipokuwa mwangalifu atasema hifadhidata ina tamthilia tatu. Sharti la WHERE likiondolewa, ulizo hilohilo litatoa mistari tisa, ingawa vitabu ni saba tu. Takwimu nyingi zenye makosa huzaliwa hapa, katika kuhesabu mistari baada ya kuunganisha badala ya kuhesabu vitabu. Anayetaka idadi ya vitabu baada ya muungano hana budi kuandika COUNT(DISTINCT vitabu.namba), ili kila namba ihesabiwe mara moja.

Hesabu ya kazi za kila mwandishi hufanywa kwa kuyakusanya makundi:

SELECT waandishi.jina, COUNT(*)
FROM waandishi
JOIN utunzi ON utunzi.mwandishi = waandishi.namba
GROUP BY waandishi.namba, waandishi.jina;

Kezilahabi atapata 2 na waliobaki 1 kila mmoja. Namba imetiwa katika GROUP BY kwa makusudi: watu wawili wenye jina moja wangekusanywa pamoja iwapo jina lingetumika peke yake. Mwandishi asiye na mstari wowote katika utunzi hataonekana kabisa, hata kwa sifuri. Kumwonyesha kunahitaji LEFT JOIN, ambayo hubakiza kila mstari wa jedwali la kwanza, na COUNT(utunzi.kitabu) badala ya COUNT(*).

Kisichojulikana

Safu ya mwaka kwa Al-Inkishafi imeachwa wazi. Nafasi wazi ya namna hii huitwa NULL katika SQL, na maana yake si sifuri wala si "hakuna". Maana yake ni kwamba thamani haijulikani. Utenzi ulitungwa katika mwaka fulani. Ni sisi tusioujua.

Tuseme mtafiti anauliza kazi zote zenye mwaka < 1975. Anapata nne. Kisha anauliza kinyume chake, kazi zote ambazo NOT (mwaka < 1975). Anapata mbili, Utengano na Harakati za Ukombozi. Nne na mbili ni sita, na hifadhidata ina saba. Al-Inkishafi haimo katika jibu la kwanza wala la pili.

Sababu ni kwamba mantiki ya SQL ina thamani tatu: kweli, si kweli, na haijulikani. Mwaka usiojulikana ukilinganishwa na 1975, jibu ni "haijulikani", na kinyume cha "haijulikani" ni "haijulikani" vilevile. WHERE huchukua tu mistari iliyo kweli. Hata kuandika mwaka = NULL hakusaidii, kwa kuwa hakuna kinachoweza kuthibitishwa kuwa sawa na kisichojulikana; huandikwa mwaka IS NULL.

Kwa mtaalamu wa mishahara ya wafanyakazi hili ni jambo dogo. Kwa mtafiti wa ushairi wa Kiswahili ni hatari. Kazi zisizo na tarehe ndizo, kwa sehemu kubwa, kazi kongwe: tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, tenzi za Pate na Lamu zilizohifadhiwa kwa kunakiliwa. Utendi wa Tambuka, wenye tarehe ya 1728, ni wa kupigiwa mfano kwa sababu tarehe yake ipo. Ulizo lolote lenye sharti la mwaka litazipitia tungo zisizo na tarehe kimyakimya, bila onyo, na mtafiti atachora jedwali safi linaloonyesha kuwa ushairi wa kale ni haba. Nyenzo itakuwa imeipunguza fasihi andishi ya kale kwa kufuata kanuni zake yenyewe barabara.

Wapo wanaolikwepa tatizo hili kwa kubandika mwaka wa kukisia, kama 1800. Njia hiyo ni mbaya zaidi, maana kisio hugeuka data na chanzo chake husahaulika. Lililo bora ni kuwa na safu mbili, mwaka_mapema na mwaka_mwisho, zinazoeleza mipaka ambayo ushahidi unairuhusu, pamoja na safu ya tatu inayotaja ushahidi wenyewe.

Mambo ya tahajia na utanzu

Kiswahili kina mikwaju yake katika SQL. Matini huzungushiwa alama ya ritifaa, na ritifaa hiyohiyo ni sehemu ya sauti ng'. Tamthilia ya Emmanuel Mbogo isipoangaliwa itakatwa katikati ya neno, kwa kuwa programu itadhani matini yameishia baada ya Ng. Dawa ni kuirudia alama: 'Ngoma ya Ng''wanamalundi'. Katika programu zinazopokea maneno kutoka kwa watumiaji, kasoro hii si ya tahajia tu, kwani mwenye nia mbaya anaweza kuifunga matini kwa ritifaa na kuandika amri yake baada yake. Ndiyo maana waandishi wa programu hushauriwa kupitisha matini ya mtumiaji kama thamani iliyotengwa na ulizo, wala si kuyaunganisha moja kwa moja.

"Tamthilia" na "tamthiliya" ni neno moja kwa msomaji, ila ni mawili kwa tarakilishi. Tanzu nazo ziwekwe katika jedwali lake, zichaguliwe humo kwa ufunguo, na kila mwingizaji azuiwe kubuni tahajia yake. Lakini jedwali la tanzu lina udikteta ambao mhakiki hapaswi kuukubali kwa urahisi. Nagona (1990) na Mzingile (1991) zimezua mjadala mrefu kuhusu iwapo mipaka ya riwaya inazitosha. Safu ya utanzu hudai neno moja, nayo hailipokei jibu la "inategemea". Mtunza hifadhidata aandike "riwaya" ili kazi hizo zipatikane, kisha aweke safu ya maelezo inayobainisha kwamba uainishaji huo unapingwa.

Kuhusu nyenzo, SQLite, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na D. Richard Hipp, inatosha mahitaji ya idara nzima. Hailipiwi, haihitaji seva, na hifadhidata yote huwa faili moja inayoweza kunakiliwa kwenye diski ndogo. Tahadhari moja: SQLite haisimamii funguo rejeshi hadi iagizwe kwa PRAGMA foreign_keys = ON kila inapofunguliwa. Asiyejua hilo atamkuta mwandishi namba 90 amekwisha kuingia, na ana vitabu.